Buibui hakukukojolea! Uzi maalumu wa kuwafahamu buibui, nge, kupe, papasi na utitiri

MtuWaDarubini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia dada yangu, nikamkuta mpwa wangu wa miaka saba ana malengelenge shingoni. Mstari mwekundu uliovimba, kama amechapwa na waya wa moto. Dada alikuwa ameshahukumu: "Amekojolewa na buibui." Kopo zima la dawa ya kupulizia limeisha, ufagio umepita kila kona, na sakafuni buibui kama kumi na tano wamelala chali miguu imejikunja. Mtoto naye kapakwa dawa ya meno kwenye kidonda.

Nimefanya kazi ya maabara miaka kumi na sita, na hukumu hii nimeisikia kwa wagonjwa zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Inaniuma kwa sababu inamwonea asiye na kosa, na wenye kosa wa ukoo huohuo wanabaki wanatunyonya usiku bila mtu kuwataja. Ndiyo maana nimeanzisha uzi huu. Nitaandika kwa vipande, maswali yaje.

Tuanze na mkojo. Uchafu wa buibui ni kitu cheupe kama tone la chokaa, hauna sumu wala hauchomi ngozi. Aliyemuunguza mpwa wangu ni mbawakawa mwembamba, urefu wake haufiki sentimita moja, rangi nyekundu ya machungwa na nyeusi zimepishana mwilini. Wakenya humwita Nairobi fly. Haumi wala hachomi. Sumu imo ndani ya mwili wake, na ukimsaga kwa kiganja akiwa shingoni unaipaka mwenyewe. Hutasikia kitu mpaka kesho yake au keshokutwa, ngozi inapoanza kuwaka. Huja kwa wingi baada ya mvua kubwa na hufuata taa. Nairobi ilimjua vizuri baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Usiku uleule nilimkuta mwenzake anatembea juu ya chandarua chini ya taa, nikamwonyesha dada.

Ukimwona mwilini usimpige. Mpulize aondoke, au mpandishe kwenye karatasi. Ukishamsaga, osha kwa maji mengi na sabuni, na usijiguse machoni kabla ya kunawa mikono.

Kuna kitu kingine kinachosingiziwa buibui: mkanda wa jeshi. Malengelenge yanayopanga mstari upande mmoja wa kifua, mgongo au uso, yakitanguliwa na maumivu makali, yanatokana na kirusi kilekile cha tetekuwanga kilicholala mwilini miaka mingi. Huyo awahi hospitali siku za mwanzo, dawa yake ipo. Akikaa nyumbani anasubiri "mkojo wa buibui" ukauke, anaweza kubaki na maumivu miezi mingi, na ukiwa karibu na jicho hatari ni kubwa zaidi.

Naendelea chini.

---

Mama_Pacha

Mkuu asante sana. Nimekulia kwenye hiyo imani. Bibi yetu alikuwa hatuachii tulale bila kufagia tando zote. Sasa swali: kwa hiyo buibui hana sumu kabisa? Maana chooni kwangu kuna mmoja mkubwa kama kiganja cha mtoto, bapa, anakimbia ukutani kama upepo. Wanangu wanagoma kuingia usiku.

---

MtuWaDarubini

Mama Pacha, sumu anayo. Karibu buibui wote wanayo, ndiyo silaha yao ya kuwindia. Wanasayansi wameshaorodhesha aina zaidi ya 50,000 duniani, na wanaoweza kumdhuru binadamu kwa maana ya kumlaza hospitali ni wachache mno. Meno ya wengi hayawezi hata kupenya ngozi yako.

Huyo wa chooni, kwa maelezo yako, ni mwindaji wa mende. Hategi utando wa kunasia, anawinda kwa mbio. Ukimwona amebeba kitu cheupe bapa kama kifungo chini ya kifua, huyo ni jike na hicho ni kifuko cha mayai. Kwangu nina mmoja stoo na sijanunua dawa ya mende kwa muda mrefu. Kama watoto hawamzoei, mfunike kwa bakuli, pitisha karatasi ngumu chini yake, mtoe nje akiwa mzima.

Na wale uliowahi kuwaona wamekufa miguu imekunjika, kuna sababu. Buibui anakunja miguu kwa misuli kama sisi, lakini kwenye viungo vikubwa vya mguu hana misuli ya kuunyoosha. Anausukuma kwa shinikizo la majimaji ya mwili, kama jeki ya gari inavyonyanyua kwa mafuta. Akifa shinikizo linaisha, miguu inajirudi yenyewe. Nilipojifunza jambo hili kwa mara ya kwanza nilikaa kimya dakika nzima.

Wa kumwangalia kwa makini ni mmoja mdogo wa kahawia anayependa kujificha chini ya viti vya plastiki, kwenye makopo na pembe za vyoo vya nje. Vifuko vyake vya mayai vina vijiba pande zote kama mbigili, ndiyo alama yake. Kuumwa naye kunauma na mtoto apelekwe akaangaliwe, ila ni mwoga, akiguswa hujikunja na kujiangusha. Kagua viti kabla ya kuvibeba.

---

Bi_Amu

Asalaam aleykum. Kwetu Lamu mtoto akichukua ufagio kumpiga buibui huambiwa, "Muache, alimstiri Mtume." Ni simulizi ya Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abubakar walipojificha pango la Thawr, buibui akatanda mlangoni, waliowafuatia wakaona utando mzima wakasema hapa hakuingia mtu. Na Qurani ina sura nzima kwa jina lake, Al-Ankabut, ya 29, imesema nyumba iliyo dhaifu kuliko zote ni ya buibui.

Nami vazi langu ni buibui miaka yote. Mama alikuwa akisema jina linatosha kumfanya mtu amuonee huruma yule mdudu.

---

MtuWaDarubini

Aleykum salaam, Bi Amu. Asante kwa hili, sisi wa bara hatukulelewa nalo.

Naomba niongeze kidogo. Uzi wa buibui ni protini, anautoa ukiwa majimaji tumboni, unakuwa mgumu unapovutwa. Wengi wenye tando za duara huumeza wa jana wakatengeneza mpya, hawapotezi kitu. Wale wakubwa wa pwani wenye uzi wa rangi ya dhahabu, wanaotanda kati ya minazi na nyaya za umeme, jike ni mkubwa na dume ni mdogo kiasi kwamba watu hudhani ni mtoto wake. Madagascar walikusanya zaidi ya buibui milioni moja wa jamii hiyo, wakawavuta nyuzi na kuwarudisha porini, wakafuma kitambaa cha dhahabu kisichotiwa rangi yoyote. Kilionyeshwa New York mwaka 2009.

---

Jaluo_wa_Ziwa

Nawasalimu kutoka Homa Bay. Mmesahau buibui wetu! Hapa Mbita kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, na hapo ndipo walimsoma yule buibui mdogo anayeruka, anayekula mbu waliokwisha kunyonya damu. Tunamwona ukutani, ni kadogo sana.

---

MtuWaDarubini

Ndugu wa Homa Bay, umenigusa penyewe. Jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora, anajulikana kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda. Robert Jackson, Ximena Nelson na wenzao walitangaza mwaka 2005 kwamba buibui huyu, akipewa achague, anachagua mbu jike aliyeshiba damu. Hawezi kututoboa sisi, kwa hiyo damu yetu anaipata kupitia mbu. Watoto wake wanamtambua hata Anofelesi, mbu wa malaria, kwa jinsi anavyotua amenyanyua makalio juu. Kale katoto kanazunguka kanapita chini ya tumbo lililonyanyuliwa, kanamkamata kwa chini.

Na harufu yetu anaijua. Mwaka 2011 walichapisha jaribio ambalo soksi iliyovaliwa ilimvuta kuliko soksi safi. Panapokaa watu ndipo mbu walioshiba wanapotua, naye anakwenda huko.

Sisemi buibui atamaliza malaria. Chandarua kibaki palepale. Ila mtu anayepuliza sumu ukutani kila Jumamosi ili aue buibui ajue anaua na huyu.

---

Mkulima_Msomi

Mleta uzi, kichwa kimetaja kupe na papasi. Hao si wadudu tu? Wanahusianaje na buibui?

---

MtuWaDarubini

Swali la msingi, ningelianza nalo.

Mdudu kamili kama mbu, mende au nyuki ana miguu sita na vipapasio kichwani, wengi wana mabawa. Buibui, nge, kupe, papasi na utitiri wana miguu minane, hawana vipapasio, hawana mabawa. Ukoo wao wataalamu wanauita arakinida. Tandu na jongoo hawamo, hao ni wa miguu mingi.

Tahadhari moja kwa wanaohesabu miguu: kupe akitoka kwenye yai ana miguu sita. Ananyonya, anajivua ngozi, ndipo anapata minane. Kwa hiyo vile vidoti vinavyotembea kwenye suruali ukitoka machungani ni kupe wachanga, na ni arakinida halali.

Katika ukoo huu, mkubwa ndiye anayeogopwa na mdogo ndiye anayeua. Utitiri wa upele hauonekani kwa macho, jike anachimba handaki ndani ya ngozi na kutaga humo. Muwasho unazidi usiku, kwenye vidole, viwiko, kiuno. Anayeupata mara ya kwanza anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuwashwa huku ameshaambukiza nyumba nzima, ndiyo maana dawa wanapaka wote siku moja. Akipakwa mtoto anayejikuna peke yake, upele unarudi mwezi ujao na lawama anapewa mwenye duka la dawa.

---

Ng'ombe_Watatu

Kupe hao wamenimalizia mtamba wangu mwaka juzi. Ndigana. Tezi zilivimba chini ya masikio, akaacha kula, siku za mwisho anahema kwa shida na povu puani. Nilikuwa naogesha lakini kwa kubahatisha, nikiwa na hela naogesha, nisipokuwa nayo naacha.

---

MtuWaDarubini

Pole sana ndugu yangu, mtamba ni ada ya shule ya watoto imeondoka.

Hiyo ni ndigana kali. Anayeileta ni kupe wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio la ng'ombe, vimelea vinakua ndani yake. Mimi si wa mifugo, muulize bwana mifugo wako mambo mawili: ratiba ya kuogesha isiyokatika, na chanjo ya ndigana. Chanjo ile ni ya namna yake, ng'ombe anapewa vimelea hai vilivyopimwa pamoja na dawa ya kuvidhibiti siku hiyohiyo, na ilifanyiwa kazi Muguga, Kenya. Na unapoogesha usisahau ndani ya masikio na chini ya mkia.

Kwa binadamu aliyeng'atwa na kupe: usimwagie mafuta ya taa wala usimchome kwa kiberiti. Mkamate kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja.

---

Lori_la_Singida

Na nge je? Nilichomwa Itigi nikibadilisha tairi usiku, nilidhani nakufa. Wenzangu walinichanja kwa wembe wakaweka jiwe jeusi.

---

MtuWaDarubini

Mkuu, ulipona kwa sababu watu wazima wengi hupona, jiwe halikufanya kitu, na wembe ulikuongezea kidonda. Osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, meza dawa ya maumivu, tulia. Mtoto mdogo ni hospitali moja kwa moja, na mtu mzima pia akianza kutoa mate mengi, kutetemeka misuli au kuhema vibaya.

Kwa jumla, nge mwenye makucha manene na mkia mwembamba anategemea makucha. Mwenye makucha membamba na mkia mnene, huyo ndiye wa kuogopa. Na ukisafiri usiku, beba tochi ya mwanga wa zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Nge humulika kijani chini yake, utamwona kabla hujaweka goti.

---

MtuWaDarubini

Sasa naingia kwenye kilichonifanya niandike. Papasi.

Mama yangu alikuwa akiishi kijijini, mkoa wa Dodoma, nyumba ya tembe sakafu ya udongo. Mwaka 2017 alishikwa na homa kali siku tatu, ikakatika. Wiki moja mzima wa afya, analima. Ikarudi. Zahanati moja ikampa dawa ya malaria, homa ikakatika (ingekatika hata bila dawa), ikarudi tena. Mara tatu. Kipimo cha haraka kilisema hana malaria, akapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Nilipompokea alikuwa amebaki mifupa. Nikamtoboa kidole mwenyewe, nikapaka damu kwenye kioo, nikaitia rangi. Kwenye darubini vijidudu walikuwepo, wamejisokota kati ya chembe za damu kama vipande vya uzi wa cherehani.

Homa ya papasi. Mwaka 1905 Joseph Dutton alifia Kasongo, Congo, akiichunguza, nayo ilikuwa imemwingia mwenyewe. Mwaka huohuo Robert Koch alikuta hapa kwetu, enzi za Mjerumani, kwamba papasi anarithisha vijidudu hivi hadi kwenye mayai. Maana yake nyumba ikishaingia papasi wenye ugonjwa, watoto wa papasi wanazaliwa nao.

Papasi ni kupe laini, kijivu kama udongo wenyewe. Mchana amejichimbia kwenye nyufa za sakafu na kuta. Usiku anatoka, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi. Asubuhi humwoni kama unavyomwona kupe aliyeganda. Na anaweza kukaa miaka bila kula, hivyo kuihama nyumba msimu mmoja hakumuui.

Nina neno kwa wenzangu wa vituo vya afya. Kipimo cha haraka cha malaria kimeokoa watu wengi, sikipingi. Lakini kinajibu swali moja tu. Zamani mtu wa maabara akitafuta malaria kwa darubini aliwaona na hawa. Siku hizi darubini nyingi zimefunikwa kitambaa. Mgonjwa mwenye homa inayokatika na kurudi, anayelala kwenye sakafu ya udongo, kipimo kimesema hana malaria: tafadhali funueni darubini. Hasa akiwa mjamzito, maana ugonjwa huu huharibu mimba.

---

Kijukuu_cha_Kongwa

Mkuu nimesoma huku mikono inatetemeka. Bibi yangu yuko hivyohivyo. Homa siku tatu, anapona, siku saba inarudi. Hii ni mara ya tatu. Kipimo hakuna malaria. Anaanza kuitwa mchawi anayeliwa na uchawi wake. Nifanye nini?

---

MtuWaDarubini

Mpeleke leo hii akiwa na homa, vijidudu huonekana kwa urahisi homa ikiwa juu kuliko siku za nafuu. Nenda kituo chenye darubini na mtu wa maabara, mwambie kwa maneno haya: "Naomba aangaliwe na homa ya papasi." Taja sakafu ya udongo.

Wakimkuta nayo, dawa ni antibayotiki za kawaida. Jambo moja uwe nalo kichwani: baada ya dozi ya kwanza, ndani ya masaa machache, anaweza kutetemeka sana na homa kupanda kuliko mwanzo. Vijidudu vinakufa kwa pamoja. Kwa mzee ni vizuri dozi hiyo aipate akiwa kituoni wanamwangalia. Msiogope mkaacha dawa.

---

Bi_Amu

Tunamwombea bibi. Tupe habari mwanangu.

---

Kijukuu_cha_Kongwa

Nimerudi, wakuu. Siku ya nne leo.

Wa maabara alikuwa kijana, alisema hajawahi kuona vijidudu vya homa ya papasi kwenye kioo tangu amalize chuo. Aliangalia mara mbili, akaniita nikaangalie na mimi. Kweli ni kama uzi wa cherehani. Dozi ya kwanza walimpa saa tisa mchana, saa kumi na moja akatetemeka kitanda kikalia, shangazi akataka tumtoe. Nikamwonyesha ulichoandika. Wakamlaza usiku ule. Asubuhi akaomba uji, akauliza nani anamlishia kuku wake.

---

MtuWaDarubini

Alhamdulillahi na Bwana asifiwe, vyote viwili. Umenifanya nilie kazini.

Sasa niambie, ndani ya nyumba ile wanalala nani wengine? Wajukuu wadogo wapo? Wanaolala chini kwenye mkeka ndio wa kwanza kupimwa. Halafu kitanda cha bibi kisogezwe mbali na ukuta, na miguu yake isiguse nguo zilizoning'inia. Sakafu tutaijadili, nitumie vipimo vya chumba nikupigie hesabu ya saruji.

---

Kijukuu_cha_Kongwa

Wapo watatu, wawili wanalala chini naye. Mdogo alikuwa na homa juzi. Nawapeleka kesho asubuhi. Chumba ni hatua nne kwa tano.

---

Ng'ombe_Watatu

Kijana, niko Mpwapwa, na nina mifuko miwili ya saruji iliyobaki nilipomaliza banda. Njoo uichukue.